Herufi ya Sitini na Tatu

Huamanga, 4 Machi 2019

Injinia Abilio, mzee wangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu Krismasi, na dereva wa basi la Uchuypampa ananiambia umeigeuza kitu cha kuzuia mlango usipigwe na upepo. Sijui kama anatania. Barua hii nimempa yeye, pamoja na mikate kumi ya chapla. Ikifika minane, muulize yeye.

Miaka mitatu na nusu tangu ustaafu, na bado watu wanaingia hapa kwenye chama cha familia wakiuliza, "Injinia yuko?" Nawaambia injinia sasa ni mimi, Nélida Arotoma, ninayetunza kanzidata ya wote waliopotezwa mkoa huu wakati wa vita. Wananitazama kuanzia viatu, halafu wanauliza tena, "Sawa binti, lakini Injinia mwenyewe atarudi lini?" Umenifundisha kazi lakini hukuniachia sura yako.

Sasa sikiliza shida yangu. Wafadhili wametuletea mashine mpya, na wamekuja na kanuni zao. Wanataka majedwali yote yawe na majina mafupi, herufi ishirini mwisho. Yetu unayajua: jina zima la jamii, jina zima la mahali mifupa ilipochimbwa, hakuna kufupisha. Natakiwa niyabadilishe yote kabla ya mwisho wa Juni, na kila nikikaribia jina moja naona kama wewe umesimama nyuma yangu umekunja mikono.

Orodha yako ya maneno yaliyotengwa, yale mashine iliyojiwekea yenyewe, bado iko ukutani, ya njano, na duara la kikombe chako cha chai ya koka katikati. Juzi niliongeza safu ya mahali mtu alikozaliwa, nikaiita "natural" kama tunavyoandika kwenye fomu, mashine ikanifokea. Nikaangalia ukutani, kumbe neno liko pale, na pembeni umeandika kwa mkono wako: "Hili nalo ni lake. Tafuta lako." Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini hatufupishi? Nilizoea kutii tu, sikuwahi kuuliza. La pili, jedwali la huko uliko. Kwenye mashine jina lake linasomeka hivi: comunidad_campesina_de_san_cristobal_de_uchuypampa_y_anexos_que. Linaishia na "que", kama mtu aliyekatizwa maneno. Ni nini hicho?

Mama Emilia Pariona, muuza mikate, bado anakuja kila Ijumaa. Anakaa kwenye kiti kile cha plastiki, anaweka kikapu miguuni, anasema yaleyale: mume wangu Grimaldo, alichukuliwa pamoja na wengine akafukiwa Korongo la Chini, mkono wake wa kushoto ulivunjwa na fahali ukaunga vibaya. Namjibu, "Bado, mama." Ananiachia mkate. Hiyo mikate kumi ni yake.

Na hivi wewe, mtu wa Huanta, mtu wa maparachichi na jua, kwa nini ulikwenda kuzeekea kwenye baridi ile na alpaka? Hakuna aliyeielewa hiyo hapa ofisini.

Wako,
Nélida


Uchuypampa, 13 Machi 2019

Binti yangu Nélida,

Marahaba. Mikate imefika tisa, na dereva ana chembe kwenye masharubu. Simu ni kweli inazuia mlango. Huku mtandao haupandi, na mlango unapigwa na upepo kila siku, kwa hiyo nimeipa kazi inayoiweza.

Mvua haijakata wiki ya tatu. Napanda paa la jirani yangu, Mama Dionisia Sicha, kuziba mabati, nikishuka ananipa supu ya viazi na kunicheka jinsi ninavyopanda ngazi. Ana miaka themanini na moja na anakohoa, lakini ulimi wake haujazeeka. Ndiye mama yake Máximo, yule kijana wa miaka kumi na tisa ambaye mifupa yake tuliikabidhi mwaka 2013. Kila Jumatatu namsindikiza makaburini. Anakaa chini, anamsimulia mwanawe habari za wiki nzima, ng'ombe kazaa, nani kagombana na nani, mimi namshikia mwavuli.

Kuhusu majina. Tulipoanza kazi, tulikuwa na karatasi za kambi za jeshi za mwaka 1984. Humo vijiji havikuwa na majina. Ilikuwa herufi na namba, eneo B, sehemu ya 4. Watu walioishi mahali pale miaka mia tatu wakawa herufi moja. Tukaitisha mkutano uwanjani, nikawaonyesha wazazi jinsi tutakavyoandika, nami kwa uvivu wangu nilikuwa nimefupisha. Mama Dionisia akasimama. Alisema kwa Kikechua, nami nakumbuka kila neno: "Jina letu limeshakatwa vya kutosha. Wewe kijana usilikate tena." Nilikuwa na miaka hamsini na tano, lakini kwake nilikuwa kijana. Uwanja mzima ukapiga makofi. Basi ikawa kanuni.

Maneno yaliyotengwa ni kitu kingine, usichanganye. Yale ni ya SQL, lugha tunayosema na kanzidata. Maneno inayotumia yenyewe kutoa amri haitaki umpe nayo mtu jina, maana haitajua kama unaita au unaamuru. Sisi tulibahatika, maneno yake karibu yote ni ya Kiingereza na sisi tunaita vitu kwa Kihispania, tunagongana mara chache tu. Na ukigongana nayo inapiga kelele, inasimama, haiendelei mpaka ubadilishe. Nilikuwa naipenda kwa hilo. Mashine inayokataa kwa sauti haikudanganyi.

Hilo jedwali la Uchuypampa liache kama lilivyo. Wafadhili hawatalihesabu herufi. Badilisha mengine.

Nakutumia jibini. Ile kubwa ni yako, ndogo mpe Mama Emilia.

Abilio Sulca


Huamanga, 1 Aprili 2019

Injinia,

Shikamoo. Jibini nimeipokea. Kubwa nimempa Mama Emilia, utanisamehe, na utaona kwa nini.

Hukunijibu swali la pili. Nilisubiri, nikasema mzee kasahau. Kisha nikahesabu mwenyewe.

Jina la jedwali lina herufi sitini na tatu kamili, vistari vikiwemo. Nikatafuta kwenye vitabu vya mashine. Kumbe hiyo ndiyo kanuni yake: jina likizidi sitini na tatu, kinachozidi kinakatwa. Haipigi kelele kama kwa maneno yaliyotengwa. Inatoa arifa ya mstari mmoja, "jina litakatwa", na kazi inaendelea.

Nikachukua daftari la wachimbaji la mwaka 2012. Uchuypampa palichimbwa sehemu mbili. Quebrada Alta, Korongo la Juu, watu ishirini na wawili. Quebrada Baja, Korongo la Chini, watu kumi na tisa. Yalitakiwa yawe majedwali mawili. Andika jina zima la kila moja, Injinia, kwa kidole, hapo mezani. Ni sawa neno kwa neno mpaka "anexos". Neno la korongo linaanzia herufi ya sitini na moja. Kwa hiyo "que" si kitu. Ni mwanzo wa Quebrada, halafu kisu kimepita. Juu na Chini havikufika kabisa.

Na amri ya kutengeneza jedwali iliandikwa hivi: tengeneza, kama halipo. Lilikuwepo. Kwa hiyo halikutengenezwa la pili. Watu wa Korongo la Chini wakaingizwa ndani ya la Juu, wote arobaini na mmoja chumba kimoja, na mifuko ya mifupa ya kila korongo ilihesabiwa kuanzia moja. Kuna mfuko wa kwanza mara mbili, wa pili mara mbili, mpaka wa kumi na tisa.

Juu kabisa ya faili la amri hizo kuna mstari unaoiambia mashine isionyeshe arifa yoyote. Hauna jina la aliyeuandika. Nani aliuweka?

Nimejiambia labda hakuna kilichoharibika. Kati ya mifuko hiyo ni mmoja tu tuliokwisha kukabidhi. Mfuko wa saba, Máximo wa jirani yako. Niambie ulikagua kabla ya kukabidhi. Niambie tu hivyo nilale.

Nélida


Uchuypampa, 9 Aprili 2019

Nélida,

Nimeipata barua yako. Mvua imepungua.

Hayo ni mambo ya miaka saba iliyopita, mimi ni mzee na watu wengi walipita kwenye mashine ile. Mstari wa arifa angeweza kuuweka yeyote. Mfuko wa saba ulikabidhiwa kwa utaratibu, kuna hati, kuna saini.

Usimwambie mtu yeyote kwanza. Mambo haya yakitoka ovyo yanaua watu wazima wazima. Mama Dionisia kikohozi kimezidi.

Abilio


Huamanga, 6 Mei 2019

Mzee Abilio,

Nimeacha kukuita Injinia kwa leo, kalamu inakataa.

Nilifanya ulivyoniomba, sikumwambia mtu. Nilikwenda kuangalia. Nimechukua mwezi mzima kwa sababu nilitaka nikukute huna hatia, na kila mlango niliofungua uliniambia vingine.

Hati ya makabidhiano ipo, kama ulivyosema, na saini ipo. Imeandikwa namba ya rafu lilikotolewa boksi lenye mfuko huo. Rafu hiyo ni ya Korongo la Chini. Mlipouliza mashine mfuko wa saba uko wapi, ilitoa majibu mawili, mkachukua la juu. Aliyekabidhiwa Mama Dionisia si mwanawe. Ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, na kwenye maelezo ya daktari wa mifupa kuna mstari mmoja: mkono wa kushoto, mvunjiko wa zamani, umeunga vibaya.

Mkono wa kushoto, mzee. Kila Ijumaa kwa miaka yote hii nimemwambia Mama Emilia "bado", na mume wake amelala huko juu kwenye kaburi unalolishikia mwavuli.

Máximo je? Mlipoandika "amekabidhiwa" kwenye mfuko wa saba, mashine iliandika hivyo kwa wote wawili, maana wote ni saba. Basi boksi lake likabaki kwenye rafu, na mashine ikisema limeshaondoka. Mwaka 2016 bohari lilivuja na ikaamriwa lisafishwe. Kila boksi ambalo mashine ilisema mwenyewe keshakabidhiwa lilihesabiwa kuwa masalio tu, vipande vilivyobaki baada ya makabidhiano. Hayo yote yalimwagwa pamoja kwenye kaburi moja la wasiojulikana, makaburi ya mjini. Niliyeshika orodha siku hiyo ni mimi. Nilisoma "amekabidhiwa" nikaweka alama ya vema. Sitasahau maisha yangu yote kwamba alama ile ni yangu. Maabara ya Lima wanasema kuyatenganisha yatachukua miaka, na pengine haitawezekana.

Hayo ningeyabeba na wewe. Kosa ni kosa. Lakini mashine inatunza kumbukumbu za nani aliuliza nini, siku gani. Tarehe 20 Agosti 2015, jina lako, mfuko wa saba wa Uchuypampa. Uliuliza mara kumi na moja siku hiyo moja. Majibu mawili, kila mara mawili. Tarehe 31 ukastaafu, tukakukatia keki, mimi nikalia, nawe ukapanda basi la Uchuypampa.

Agosti 2015 Máximo alikuwa bado kwenye boksi lake. Ungesema neno moja tu angekuwa ameshalala kwao.

Nataka kusikia kutoka kwako. Sitaki hati.

Nélida Arotoma


Uchuypampa, 20 Mei 2019

Nélida,

Nimeanza barua hii mara nne. Umesema usitumiwe hati, basi hii hapa.

Mstari wa arifa niliuandika mimi. Ilikuwa siku tatu kabla ya kuwaonyesha wazazi orodha. Walikuwa wameshaambiwa tarehe, wengine wametembea kutoka vijijini na nguo mpya mkononi za kumvalisha maiti wao. Mashine ilinifokea tangu asubuhi kwa maneno yake yaliyotengwa, nikarekebisha moja moja, na katikati ya kelele zile ilikuwa inateremsha arifa, arifa, arifa, skrini inajaa mpaka sioni makosa yenyewe. Niliisoma moja. Ilisema jina litakatwa. Nikajiambia, ni kibandiko tu, kilichomo ndani ni kizima. Nikaiambia inyamaze. Nilizoea kwamba penye hatari itapiga kelele, nikadhani palipo kimya ni salama. Ndiyo ulikuwa ujinga wangu wote.

Na ni kwa sababu ya majina marefu, Nélida. Kijiji chenye jina fupi kisingepatwa na hili. Nililiandika lote kwa heshima ya Mama Dionisia, na heshima ile ile ndiyo iliyomzika mwanawe na wageni. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kinauma.

Mwaka 2015 niligundua kwa bahati mbaya, nikitafuta kitu kingine. Niliuliza mara kumi na moja kwa sababu nilikuwa naomba jibu libadilike. Tayari Mama Dionisia alikuwa amezika. Nilikuwepo. Nilimwona akimvalisha ile mifupa sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe, akifunga kitufe kimoja kimoja, na siku ya tano akaenda mtoni na watu wake kufua nguo za marehemu, kama desturi ya huku, akarudi uso wake umelegea. Mwanamke yule alikuwa hajalala vizuri tangu 1984. Nikasema, nikimwambia namrudisha kule. Nilidhani boksi litakaa pale rafuni daima. Nilidhani nina muda.

Nilikuja huku ili nimtunze. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuja ili niwe karibu endapo atasikia kwa mtu, nimkanushie. Vyote viwili vilipanda basi moja.

Nimejaribu kumwambia. Jumatatu iliyopita nilifungua mdomo, akaniambia, "Shikilia mwavuli vizuri, kijana, unamlowesha Máximo." Nikashikilia vizuri.

Nakuomba. Ana miaka themanini na moja na kifua kibovu. Baridi ya Juni haijaanza. Mwache amalize siku zake akiamini. Akishaondoka fungua kaburi, mpe Emilia mumewe, niburute mimi mahakamani, sitapinga hata neno.

Abilio


Huamanga, 3 Juni 2019

Mzee Abilio,

Mama Emilia ana miaka sabini na sita. Yeye naye ana kifua. Unapoomba mmoja afe kwanza hukuuliza yupi.

Nimemwambia Ijumaa. Akauliza kama mahali alipo pana upepo, kwa sababu Grimaldo hakupenda upepo. Nikamwambia sijui. Akachukua kikapu akaondoka, na kwa mara ya kwanza alisahau kuniachia mkate.

Mwendesha mashtaka amepanga tarehe 19 Juni kufungua kaburi. Tutakuja na gari, mimi, yeye, daktari wa mifupa na Mama Emilia. Kabla ya siku hiyo Mama Dionisia awe ameambiwa, na aambiwe na wewe. Nikifika nikikuta hajui, nitamwambia mimi mwenyewe mbele ya kaburi, mbele ya watu, na wewe utasimama hapo.

Ile alama ya vema nitamweleza mwenyewe. Hiyo usiniandalie.

Nélida


Uchuypampa, 12 Juni 2019

Binti Nélida,

Mimi ni Dionisia Sicha. Sijui kuandika. Anayeandika ni Injinia. Nimemkalisha kwenye benchi langu na nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze hata neno. Mwalimu wa shule atapita baadaye kunisomea, kwa hiyo akipunguza nitajua.

Ameniambia Jumatatu, makaburini. Alingoja kwanza nimalize habari za wiki. Nilikuwa nasimulia ndama. Kisha akaweka mwavuli chini, na mvua haikuwepo hata hivyo, sijui aliufungua wa nini, akasema yote.

Sikulia. Niliuliza, huyu niliyekuwa nazungumza naye ni nani? Akasema Grimaldo, mume wa muuza mikate. Miaka sita namsimulia mume wa mtu mambo ya ng'ombe wangu. Sijui kama alichoka.

Mwambie mama huyo mambo haya. Mumewe amevaa sweta ya kijani. Niliifuma kwa ajili ya mwanangu, mikono itakuwa mirefu kidogo, lakini asimvue, ina joto. Nguo zake tulizifua mtoni siku ya tano kama inavyotakiwa, hakupungukiwa na kitu. Kila Jumatatu alikuwa na mtu, ila wiki mbili nilizougua mwaka juzi. Na upepo haufiki pale, kuna ukuta wa mawe. Injinia amenisomea kwamba aliuliza. Aje amchukue. Nitakuwa nimechemsha viazi.

Wewe, Injinia kasema una alama yako kwenye karatasi na unataka kunieleza. Njoo unieleze. Ulisoma uongo ulioandikwa na mwingine. Hilo tutaliongea tukiwa tumekaa.

Sasa hili la jina. Injinia anasema ni kwa sababu ya jina refu. Anasema hivyo kwa upole, lakini nimemsikia. Ni mimi niliyesimama uwanjani nikasema jina lisikatwe, kwa hiyo anataka nami nibebe upande mmoja. Sibebi. Nimemuuliza hapa hapa kwenye benchi. Mashine ilijua kwamba jina limekatika? Amesema ilijua. Ilisema? Amesema ilisema. Nani aliinyamazisha? Hapo kalamu imesimama. Nimemwambia andika. Ameniangalia. Nimemwambia andika, mwalimu anakuja.

Ni mimi, Abilio Sulca.

Vizuri. Mwaka 1984 walikuja watu wenye bunduki wakatuambia tunyamaze, tukanyamaza miaka kumi na minane. Huyu hakuwa na bunduki. Alikuwa na haraka, halafu akawa na aibu. Nimekaa naye miaka minne karibu, ameziba paa langu, nilikuwa nampenda kama mdogo wangu. Ndiyo maana siwezi kumtazama. Kuanzia leo haingii kula kwangu. Viazi vyake nitamwekea nje ya mlango, kwa sababu ni baridi na hajui kupika. Makaburini nitakwenda na mwalimu, mpaka mtakapomtoa yule bwana. Baada ya hapo sina pa kwenda Jumatatu.

Injinia analia, karatasi imelowa. Ukiona neno halisomeki ni kwa sababu hiyo, mimi nimelisema wazi.

Muandike tena mwanangu kwenye wanaotafutwa. Máximo Huayta Sicha, miaka kumi na tisa, wa Jamii ya Wakulima ya San Cristóbal de Uchuypampa na Vitongoji vyake, Korongo la Juu. Kama jina hilo halienei kwenye mashine yako, liandike kwenye daftari, kwa kalamu, na uniletee nilione lilivyo refu hata kama siwezi kulisoma. Usiniandikie tena "bado" ya kunibembeleza. Mkimtenga na wale wenzake, njoo. Msipoweza, njoo vilevile uniambie kwa mdomo wako, na usichelewe, maana kifua hiki nakisikia mwenyewe.

Nimeanza kufuma sweta nyingine leo asubuhi. Uzi wa kijani haukutosha, mikono itakuwa ya bluu.

Dole gumba la Dionisia Sicha